Mgongo Unauma, Mkojo Hauji

Mwanamke akisema mkojo unamponyoka, wengi hufikiria uzazi au UTI, na mara nyingi hawakosei. Ila akiwa pia na maumivu ya mgongo yanayoshuka miguuni, inafaa aulizwe zaidi.

Kwa mtu mzima, ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hushuka fungu la neva linaloitwa mkia wa farasi, na ndani yake zimo zinazouarifu ubongo kuwa kibofu kimejaa na zinazokiamuru kijikamue. Diski, yaani mto ulio kati ya pingili na pingili, ikitoka upande mmoja kwa kawaida hubana neva ya mguu tu. Ikitoka kwa wingi katikati, inaweza kulibana fungu zima.

Hapo kibofu mara nyingi hakianzi kwa kuvuja. Huanza kwa kunyamaza: hamu ya kukojoa inapungua, mkojo unachelewa kuanza, unakatika-katika. Kinajaa kupita nusu lita bila mwenyewe kuhisi, kisha kinamwagika kidogo kidogo. Anavaa pedi. Akipimwa mkojo huenda bakteria wakaonekana kweli, maana mkojo uliotuama huwalea, basi anapewa antibiotiki na kila mtu anaridhika.

Dalili nyingine ni ya sehemu tusizopenda kuzitaja. Je, anapotawaza anayahisi maji? Ganzi ya sehemu za siri, makalio na mapaja kwa ndani, ikiandamana na shida ya mkojo au choo, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Asikandwe, wala asingoje kliniki ya wiki ijayo. Hospitalini atapimwa kwa ultrasaundi baada ya kukojoa. Mkojo uliobaki ukizidi mililita 200, shaka inaongezeka. MRI ndiyo itakayoonyesha diski. Anayefanyiwa upasuaji akiwa bado anaweza kukojoa ana nafuu kubwa kuliko aliyekwisha kuziba kabisa.

Kibofu kisipoamka baada ya upasuaji, ipo njia iliyotangazwa mwaka 1972 na Jack Lapides, daktari wa Michigan, Marekani: mgonjwa hujiingizia mwenyewe mpira mwembamba hadi kwenye kibofu kila baada ya saa nne hadi sita, akatoa mkojo, akauondoa mpira. Wanawake wengi huanza kwa kutumia kioo kidogo ili walione tundu la mkojo. Wakishazoea, hupapasa tu.