Mtoto Asome Kwanza, Mahubiri Baadaye

Wazazi na walezi, sisi ni walimu wa kujitolea wa kipindi cha kusoma cha Jumamosi. Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini watoto wa kanisa wanasomewa vitabu vya hadithi, tena vyenye majini ndani yake. Swali ni la haki. Mwezi huu tunalijibu.

Tumekuwa tukisoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Nakala tunayo moja tu, kwa hiyo mmoja wetu anasoma kwa sauti, watoto wanasikiliza, kisha wanaandika. Shuleni wanaandika Kifaransa. Huku wanaandika kwa lugha wanayoongea na mama jikoni, na hapo ndipo unasikia mtoto anawaza nini.

Mwandishi alikuwa Mwislamu. Tunawaambia watoto hivyo wazi. Amri inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na sisi tunaona kwamba inahusu hata kitabu cha jirani. Ukisema kitabu kimesema jambo ambalo hakikusema, umeshuhudia uongo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi Mkristo ni kusikiliza vizuri.

Hadithi yenyewe ni hii. Adili anawatendea wema ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Wao, kwa wivu, wanamtupa baharini. Jini aitwaye Huria anamwokoa, anawageuza wale ndugu kuwa manyani, na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Anawachapa huku moyo unamuuma. Mwishowe wanasamehewa na kuwa watu tena.

Mara ya kwanza karibu watoto wote waliandika sentensi moja: “Adili ni kama Yosefu, tusameheane.” Sentensi ni nzuri, lakini mtoto anaweza kuiandika bila hata kusikiliza hadithi. Watoto wetu wanajua mwalimu anapenda kusikia nini, wanaandikaga hicho hicho. Aya ya Biblia inakuwa kama kifuniko cha sungura: inafunika chungu, lakini ndani hujui kuna nini.

Basi tukafungua Mwanzo, kuanzia sura ya 37. Tukauliza: je, Yosefu alisamehe siku ile ile? Watoto wakapiga hesabu ubaoni. Aliuzwa karibu na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa. Jumla, miaka 22 hivi kabla hajawaambia nduguze yeye ni nani. Na kabla ya hapo aliwaita wapelelezi, akamfunga Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini. Darasa lilinyamaza. Kumbe hata Yosefu ilimchukua muda!

Baada ya hapo daftari zilibadilika. Binti mmoja aliandika kwamba Yosefu aliwajaribu nduguze kwa uamuzi wake mwenyewe, lakini Adili alichapa kwa kuamriwa, “kwa hiyo Adili naye alikuwa amefungwa.” Hilo hatukumfundisha sisi.

Mvulana mmoja wa darasa la sita aliandika: “Ningekuwa Adili ningewachapa bila kulia.” Mwenzetu mmoja alitaka afute. Tulijadiliana, tukakubaliana asifute, ila aeleze kwa nini. Akaandika ukurasa mzima juu ya nyumba yao kule Fizi na jirani aliyeonyesha njia kwa waliokuja kuichoma. Chini kabisa aliandika: “Yosefu alingoja miaka 22. Mimi bado.”

Jamani, huyu mtoto hajamwacha Mungu. Zaburi ya 137 ni ya watu waliohamishwa kama sisi, na inamalizika kwa maneno makali kuliko ya mvulana huyu, na imo ndani ya Biblia. Mtoto anayesema “bado” mbele za Mungu anasali. Anayeandika “nimesamehe” ili apate vema nyekundu anajifunza kudanganya kwa jina la Mungu.

Nyumbani mnaweza kutusaidia hivi. Jioni mwombeni mtoto awasimulie hadithi mpaka mwisho, msimkatize. Muulizeni: nani alikosewa? Alifanya nini? Wewe ungefanyaje? Halafu ndipo mtafute pamoja mtu wa Biblia anayefanana naye, na mahali asipofanana naye. Wasiojua kusoma msiogope, kazi hii ni ya masikio. Na mtoto akisema neno gumu, msimchape wala msimkemee. Kaeni naye.

Mwezi ujao tunaanza Kusadikika cha mwandishi huyo huyo. Mwenye daftari au kalamu ya ziada atuletee. Mzazi anayetaka kukaa nyuma asikilize, karibu sana.