Barabara mpya imekuridhisha? Usijibu mbio

Umewahi kusimamishwa stejini na mtu mwenye karatasi ya maswali, akakuuliza kama umeridhika na barabara mpya ya mtaa wenu? Pengine ulisema "ndiyo" haraka kwa sababu matatu ilikuwa inajaa. Jibu hilo lina uzito kuliko unavyodhani.

Kwanza, pesa ni zako. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli hutozwa Sh25 za matengenezo ya barabara, kutoka Sh18. Mwendeshaji boda anayetumia lita tatu kwa siku anachangia Sh75. Wewe uliyebebwa nyuma umechangia pia, kupitia nauli.

Sasa, "Je, umeridhika?" ni swali la mtego. Ukilinganisha na nini? Aliyezoea tope la magotini atapokea chochote cheusi kinachong'aa, naye ataandikwa "ameridhika sana" hata kama mtaro haupo. Afadhali aulizwe: unatembea dakika ngapi hadi stejini? Mvua ikinyesha nauli inapanda hadi ngapi? Mtoto anavukia wapi akienda shule? Maji yanaelekea wapi? Jibu la mwisho likiwa "kwa jirani", basi lami hiyo haina maisha marefu.

Halafu kuna suala la nani anaulizwa. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa 2012, dereva alikuwa na kila sababu ya kushangilia: takriban kilomita 50, sehemu nyingine leni nane. Lakini anayetembea kwa miguu je? Madaraja ya kuvukia hayakuwa yamekamilika yote, na watu waligongwa wakikatiza. Barabara moja, majibu mawili. Jijini Nairobi, karibu asilimia 40 ya safari hufanywa kwa miguu, kwa hivyo utafiti unaofanyiwa kwenye vituo vya mafuta pekee ni kazi bure. Mama mboga aliyehamishwa kando ya barabara naye? Wapi!

Wakati nao unadanganya. Siku ya kukata utepe kila mtu anatabasamu. Uliza tena baada ya masika. Kwa kawaida mkandarasi akishakabidhi kazi huwa na muda, mara nyingi mwaka mmoja, wa kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa hadi hapo. Malalamiko yakija baada ya muda huo, shimo ni lenu.

Mnaweza kujipimia wenyewe. Msiulize kwenye grupu ya WhatsApp, huko mtajibiwa na marafiki zenu. Gongeni kila mlango wa tano, mkiwemo kwa wazee na wanaotumia viti vya magurudumu. Pigeni picha, mwandike tarehe.

Kisha ulizeni waliojenga, iwe KURA, KeRRA au kaunti: muda wa kasoro unaisha lini? Utafiti wenu uliuliza nini, na watu walijibu vipi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Wakinyamaza, peleka barua yako kwa ofisi ya Ombudsman, ukiambatisha nakala ya ombi la kwanza.