Kung'aa Si Kunawiri

Siku moja alikuja kliniki ya wajawazito mama kijana mwenye mimba ya miezi sita. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe wenye wekundu, lakini vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vya mtu aliyeshika masizi. Nilipomwuliza kwa upole anapaka nini, alijibu haraka: "Sista, mimi sijichubui. Nang'arisha tu. Mume wangu alisema nimepauka."

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani. Jioni, nikiwa nasugua masufuria, nilianza kuyafikiria: kung'arisha, kuchubua, kupauka. Mama mwenzangu, maneno haya tunayatumia kila siku. Hebu tuyatazame kwa makini, maana kuyachanganya kunaweza kutuletea madhara.

Maneno ya vyombo

Sufuria tunaisugua kwa majivu au mchanga. Chombo cha shaba kilichoingia weusi hukatuliwa. Kukatua ni kusugua chuma au madini mpaka uchafu utoke na chombo king'ae. Seremala naye hupiga mbao msasa. Msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani. Nguo iliyofuliwa vizuri hutakata, na kutokana na neno hilo tumepata kutakasa na utakatifu.

Sasa angalia jambo moja. Kusugua, kukatua na kupiga msasa, yote matatu huondoa kitu juu ya chombo. Hata sufuria ikisuguliwa miaka mingi huwa nyembamba. Lakini sufuria haina uhai wala haisikii maumivu. Ngozi ni kiungo hai cha mwili, nayo hutukinga na jua, vumbi na vijidudu.

Maneno ya mwili

Wauzaji wa vipodozi wanatuambia dawa zao "hung'arisha". Watu wa mitaani wakasema "kujichubua", na mimi kama muuguzi nasema hawakukosea. Mtoto akianguka kwenye kokoto, goti huchubuka. Kuchubua ni kutoa ngozi.

Ndani ya krimu nyingi za namna hii, na ndani ya mkorogo unaochanganywa vichochoroni, huwamo vitu vitatu vya kuogopwa. Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, kisha huingia mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hata watoto waliokwisha kuzaliwa huweza kuipata kwa kugusana na ngozi ya mama au kutumia taulo lake. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi yaliyo magumu kutoka. Cha tatu ni dawa kali za steroidi. Hizi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikaonekana inang'aa, kumbe imekwisha nguvu. Hupata michirizi, huchanika upesi, na kidonda huchelewa kupona. Fikiria mama wa namna hiyo akihitaji kujifungua kwa upasuaji.

Hatari ya zebaki inajulikana dunia nzima. Mwaka 2013 mataifa yalitia saini Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Chini ya mkataba huo, vipodozi vyenye zebaki ya kuzidi sehemu 1 katika milioni vilipangiwa kukomeshwa ifikapo mwaka 2020. Mwaka 2023 wanachama wakakubaliana kwamba hata hicho kiasi kidogo kiondolewe ifikapo 2025. Hata hivyo, makopo yasiyo na maelezo bado yanaweza kutufikia.

Kung'aa kwa ugonjwa

Wauguzi tunajua pia kwamba si kila ngozi inayong'aa ina afya. Mama huleta mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na miguu inayong'aa, akisema kwa furaha, "Mwanangu amenawiri." Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Hapo mtoto amevimba, na huenda ni kwashakoo. Vivyo hivyo mjamzito ambaye uso na mikono vimevimba ghafla, kichwa kinamwuma sana au macho yanaona ukungu, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba.

Tufanye nini?

Kwanza, soma kopo. Ukiona maneno kama mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone, au ukiona halina maelezo kabisa, liache dukani. Pili, kama umekwisha kuzoea krimu kali, usione haya kumwona mganga. Ukiacha ghafla zile za steroidi, ngozi huweza kuwaka na kuwasha, nawe ukadhani unaihitaji tena. Tatu, kama una mimba au unanyonyesha, mwambie muuguzi wako ukweli.

Mama yule kijana tuliongea kwa muda mrefu. Nikamwambia neno la mumewe lilikuwa "kupauka", na dawa ya kupauka ni mafuta ya kawaida baada ya kuoga, maji ya kunywa, mboga, maharage, matunda na usingizi. Safari iliyofuata alikuja na kopo lake. Halikuwa na maelezo hata mstari mmoja. Alikuja pia na mumewe, ambaye alikaa kimya, kisha akasema, "Sista, mimi nilitaka apake mafuta tu."

Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sufuria zetu tuendelee kuzisugua mpaka zing'ae. Lakini miili yetu na ya watoto wetu tuitunze inawiri, kwa maana kunawiri hutoka ndani, na hakuuzwi katika kopo.