Zimamoto: Si moto pekee unaowajeruhi askari

Jina la zimamoto humfanya mtu afikirie majeraha ya kuungua na kuvuta moshi. Hayo yapo, na huua. Lakini nchini Marekani, ambako majeraha ya kazi hiyo yamehesabiwa kwa miongo mingi, yanayoongoza katika maeneo ya moto ni kuteguka kwa viungo na kuchanika kwa misuli. Sioni sababu ya kudhani kwamba mgongo wa askari wa Tanga una uimara wa pekee.

Chukulia mpira wa maji. Wenye kipenyo cha milimita 65 na urefu wa mita 20, ukijaa, hubeba lita zipatazo 66, yaani kilo 66 za maji peke yake. Askari huuburuta akiwa amejipinda, huku mavazi ya kinga na mtungi wa hewa vikimwongezea kilo 20 au zaidi. Katika joto na unyevunyevu wa Pwani, hasa kati ya Desemba na Machi, mwili huo huchoka upesi, na misuli iliyochoka haishiki kiungo barabara. Ndipo goti au bega linapoteguka.

Uokoaji nao una madhara yake. Kumtoa majeruhi ndani ya gari lililopondeka, mathalani katika barabara ya Segera hadi Chalinze, humlazimu askari kuinua na kujizungusha kwa wakati mmoja, tendo linalozikandamiza vibaya pingili za kiuno. Kifundo cha mguu, kwa upande wake, mara nyingi huumia kwa jambo dogo tu: kuruka kutoka kwenye gari badala ya kushuka.

Jingine ni zamu yenyewe. Askari husubiri saa nyingi, kisha kengele ikilia hukurupuka misuli ikiwa bado baridi. Mazoezi mafupi ya kunyoosha viungo mwanzoni mwa zamu hayagharimu hata senti. Mkoa huu ndio wenye chuo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Chogo wilayani Handeni. Kuinua mzigo kwa nguvu za miguu, mgongo ukiwa umenyooka, ni tabia inayojengwa kwa urahisi zaidi mtu angali kuruta.

Kiungo kikiteguka, wengi wetu hukimbilia maji ya moto na kuchuliwa. Katika siku mbili za mwanzo hilo huzidisha uvimbe. Kinachofaa ni kupumzisha kiungo, kukiwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kukifunga bandeji isiyobana mno na kukiinua juu.

Asiyeweza kukanyaga hatua nne apigwe picha ya eksirei. Na aliyeumia kiuno, kisha akahisi ganzi mapajani kwa ndani, miguu kulegea au mkojo kumtoka bila kujua, apelekwe hospitali kama Bombo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa ikicheleweshwa huenda isipone tena.