Korutini za C: Linux inakubali, Windows inagoma

Wadau, juzi nilihamisha programu yangu ya C toka Linux ya nyumbani kwenda kafe moja hapa Singida mjini, Windows tupu. Ikagoma kukompaili, na dakika zinakwenda! Tatizo korutini: funksheni inayosimama katikati, ukiiita tena inaendelea pale pale ilipoishia. Linux ina swapcontext, Windows ina SwitchToFiber, kila mmoja na lake. POSIX wenyewe waliitupa swapcontext mwaka 2008.

Kilichoniokoa ni ujanja aliouandika Simon Tatham, yule jamaa wa PuTTY, mwaka 2000: kabla ya kurudi, funksheni inatunza namba ya mstari, ikiitwa tena, switch inarukia hapo hapo. C ya kawaida, inapita kote. Ila vigeu vya ndani vinasahau kila kitu, viweke kwenye struct. Mimi sikuviweka, majibu yakaja ovyo, nikalipia nusu saa nyingine.