Tenda ya neti ikifutwa, mbu hangoji

UNAPOSOMA gazetini kwamba tenda ya serikali imefutwa, yamkini mawazo yako huenda kwa wanasiasa, wafanyabiashara na mawakili. Ni nadra mtu kufikiria homa. Lakini ikiwa tenda hiyo ilikuwa ya dawa, glavu au neti za kuzuia mbu, basi habari hiyo inahusu afya yako na ya jamaa zako kule mashambani.

Wiki hii tutaeleza kwa nini tenda hufutwa, muda unaopotea baadaye, na jinsi ya kujikinga wakati vifaa vimechelewa.

Neti milioni 10.2

Mfano mzuri ni wa mwaka wa 2023. Mamlaka ya Kusambaza Dawa na Vifaa vya Matibabu nchini (KEMSA) ilikuwa imetangaza tenda ya kununua neti milioni 10.2 zilizotiwa dawa ya kuua mbu, kwa pesa za mfuko wa kimataifa wa Global Fund. Thamani yake ilikuwa takriban Sh3.7 bilioni. Global Fund iliposema kwamba shughuli hiyo haikufuata masharti, tenda ilifutwa, na mfuko huo ukaamua kununua neti kupitia mfumo wake wenyewe uitwao Wambo. Mnamo Mei mwaka huo, Rais alivunja bodi ya KEMSA na kumfuta kazi katibu wa wizara aliyesimamia afya ya umma.

Magazeti yalizungumza sana juu ya vyeo vilivyopotea. Daktari naye hujiuliza: neti kuukuu zilizo vitandani zitahimili hadi lini?

Swali hilo lina uzito. Neti ya aina hii hutengenezwa ili ikinge kwa muda wa miaka 3 hivi, au kufuliwa mara 20. Baada ya hapo dawa hupungua nguvu na matundu huongezeka. Ndiyo maana Kenya hugawa neti kwa wingi kila baada ya miaka 3 hivi katika maeneo yenye malaria nyingi, hasa kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani. Kila mwezi unaoongezeka juu ya ratiba hiyo, mtoto hulala chini ya kitambaa ambacho mbu hakiogopi tena.

Kwa nini tenda hufutwa?

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015, katika kifungu cha 63, inaruhusu mkuu wa idara kusitisha tenda kabla ya kumjulisha mshindi. Lakini haruhusiwi kufanya hivyo kwa kupenda tu. Sababu zimetajwa, na miongoni mwazo ni hizi:

• Bajeti haitoshi.

• Hakuna aliyeomba tenda, au wote walioomba hawakutimiza masharti.

• Bei zilizotolewa zimepita zile za sokoni.

• Kumegunduliwa kasoro kubwa za usimamizi, au ushahidi wa ulaghai na ufisadi.

• Teknolojia imebadilika kiasi kwamba bidhaa hiyo haifai tena.

• Kumetokea vita, fujo au janga lisiloweza kuzuilika.

Aidha, ni lazima walioomba tenda waelezwe sababu katika muda wa siku 14, na ripoti ya maandishi ipelekwe kwa mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma katika muda uo huo. Tenda ikifutwa bila maelezo, basi sheria imevunjwa.

Kufuta si dhambi

Tusifikiri kwamba kila tenda inayofutwa ni hasara. Kidonda kilichooza hukatwa ili mguu upone. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alichunguza jinsi KEMSA ilivyotumia takriban Sh7.8 bilioni kununua barakoa, mavazi ya kujikinga na vifaa vingine, akapata kwamba sheria haikufuatwa. Hapo hakuna aliyesema "simama" mapema. Bidhaa zilinunuliwa kwa bei ya juu, na shehena nyingine zikabaki ghalani.

Kwa hivyo kufuta tenda mbovu ni sawa na upasuaji: huenda ukaokoa maisha. Lakini hakuna daktari wa upasuaji anayempasua mgonjwa kisha akaenda zake bila kushona. Tenda ya vifaa vya afya ikifutwa bila mpango wa kuziba pengo, anayevuja damu ni mgonjwa.

Siku huhesabika hivi

Hebu tuhesabu. Kutathmini maombi ya tenda kunaweza kuchukua hadi siku 30. Mshindi akitangazwa, mkataba hauwezi kutiwa sahihi hadi siku 14 zipite, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Akilalamika, shughuli husimamishwa na bodi ya rufaa ina siku 21 za kuamua. Asiporidhika, ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Tangu kutangazwa kwa mshindi hadi hapo ni siku 94, yaani miezi 3 na zaidi, na bado kuna Mahakama ya Rufaa. Tenda ikifutwa mwishoni mwa safari hiyo, huanza tena kwa tangazo jipya. Kisha kuna muda wa kutengeneza bidhaa, kuzisafirisha kwa meli na kuzifikisha vijijini.

Njia za kuziba pengo zipo. Sheria inaruhusu mikataba ya muda mrefu isiyozidi miaka 3, ambapo bidhaa huagizwa kidogo kidogo kadiri zinavyohitajika. Pia inaruhusu kununua moja kwa moja panapokuwa na dharura, mradi dharura hiyo haikuletwa na uzembe wa ofisi yenyewe.

Ni nani huumia?

Wanaoumia kwanza ni watoto wa chini ya miaka 5 na kina mama wajawazito. Malaria humpunguzia mama damu, na huweza kumfanya azae mtoto mwenye uzani mdogo au apoteze mimba.

Nawe mkazi wa Nairobi usijione uko salama. Mtoto aliyezaliwa na kukulia jijini hana kinga ya malaria waliyo nayo binamu zake wa Siaya au Busia. Akienda kwa nyanya wakati wa Krismasi na kulala chini ya neti iliyotoboka, anaweza kuugua vibaya kuliko wenyeji wake.

Ufanye nini?

1. Kagua neti kabla ya usiku wa kwanza. Shona matundu kwa sindano na uzi. Neti iliyoshonwa ni bora kuliko kulala bila neti.

2. Ifue kwa sabuni ya kawaida, si zaidi ya mara moja kila miezi 3. Usitumie jiki. Ianike kivulini, kwani jua kali huharibu dawa.

3. Kama serikali imechelewa na una uwezo, nunua neti iliyotiwa dawa uwapelekee wazee. Mama mjamzito anayeishi katika maeneo yenye malaria aulize neti kliniki anapohudhuria.

4. Kabla ya kusafiri na watoto, muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia malaria.

5. Mtu akipata homa katika miezi 3 baada ya kurudi, apimwe siku iyo hiyo na amwambie daktari alikotoka. Akipewa dawa, amalize dozi yote, asimgawie mwenziwe. Mtoto akitetemeka kwa degedege, akishindwa kunyonya au kuamka, mkimbize hospitali.

6. Uliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kujibiwa katika siku 21. Iwapo habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48.

Ukiandika barua hiyo, usiulize tu ni nani alikula au nani alifutwa kazi. Uliza pia: akiba iliyopo itatosha kwa miezi mingapi, na ni nini kitakachotumika hadi tenda mpya ikamilike? Ofisi iliyo na majibu hayo ina haki ya kufuta tenda yoyote iliyo mbovu. Isiyo nayo imemwachia mgonjwa mzigo wake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Leo jioni, wapigie simu wazee nyumbani uwaulize neti zao zina umri gani.