Vitamini D, Urithi na Maradhi ya Moyo

Tangu mwaka 2008, uchunguzi wa Framingham huko Marekani ulipoonyesha kwamba watu wenye upungufu wa vitamini D katika damu hupatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko wenzao, vidonge vya vitamini hiyo vimekuwa vikinadiwa kana kwamba ni hirizi ya moyo. Nami sioni kuwa biashara hiyo ina msingi.

Kwa hakika vitamini D ni homoni: ngozi ikipigwa na jua huianzisha, ini huigeuza, na figo huikamilisha, ndipo iingiapo katika seli na kukamatana na protini iitwayo kipokezi, na hao wawili kwa pamoja huamrisha jeni chungu nzima zifanye kazi au zinyamaze. Homoni isiyokuwa na kipokezi madhubuti ni mfano wa barua iliyomfikia asiyejua kusoma. Mwaka 2002 ilidhihirika kwamba panya walioondolewa jeni ya kipokezi hicho hutoa kwa wingi renini, kimeng'enya kinachochochea kupanda kwa shinikizo la damu, na misuli ya mioyo yao huwa minene kupita kiasi.

Jeni hiyo, iliyomo katika kromosomu ya 12, hatukuirithi sote kwa sura moja. Khitilafu mashuhuri, iitwayo FokI, huamua mahali uanziapo ujenzi wa protini, hata baadhi yetu wakapata kipokezi cha amino asidi 427 na wengine cha 424. Na ajabu ni kwamba hicho kifupi, ambacho ni kingi zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika, ndicho chenye nguvu. Mwaka 2012 wataalamu waliochunguza wazee wa Kizungu nchini Marekani waliona kwamba upungufu wa vitamini D uliandamana na mshtuko wa moyo, saratani, kuvunjika nyonga na mauti, yakihesabiwa kwa jumla, kwa wenye sura fulani ya jeni ya kipokezi, ilhali wenye sura nyingine hawakuonyesha taathira hiyo.

Walakini kuandamana si kusababisha. Mtu mnene, ambaye mafuta ya mwili wake huificha vitamini hiyo, na mgonjwa asiyetoka nje juani, wote huwa na kiasi kidogo, na wote wamo hatarini kwa sababu nyinginezo. Maumbile yenyewe yametupigia kura: wako waliorithi jeni, kama ile ya CYP2R1 ifanyayo kazi katika ini, zinazowapa vitamini kidogo tangu kuzaliwa, nao hawakuonekana kuugua mishipa ya moyo kuliko wengine. Kisha jaribio la VITAL, lililowashirikisha Wamarekani 25,871 kwa zaidi ya miaka 5, wengine wakimeza yuniti 2,000 kila siku na wengine vidonge visivyo na dawa, halikuona tofauti ya maana katika maradhi makubwa ya moyo.

Vidonge hivi vina kazi yake, khasa kwa watoto wenye matege na kwa wale ambao tabibu amethibitisha upungufu wao. Ama kupimwa jeni ya kipokezi kwa ajili ya moyo, sioni faida yake leo. Msomaji mwenye hofu na aende akapime shinikizo la damu, na kama anavuta tumbaku, aache.